Lodwar hadi Kakuma: nani mwenye kasi?

Kwa mstari ulionyooka, kiwanja cha ndege cha Lodwar na kile cha Kakuma, kaskazini mwa Kenya, vimeachana kama kilomita 105. Cessna Caravan, ndege ndogo inayokwenda takriban kilomita 300 kwa saa, ingemaliza mwendo huo kwa dakika ishirini na kidogo. Ongeza kupaa na kutua, tuseme nusu saa.

Huo si ufupi wa kujivunia. Dar es Salaam na Unguja zimetengwa na kilomita 73 tu. Na safari ya ratiba iliyo fupi kuliko zote duniani iko visiwa vya Orkney, Scotland, kati ya Westray na Papa Westray: kilomita 2.7. Iliyofanyika haraka kuliko zote ilichukua sekunde 53, muda usiotosha hata kumsalimu jirani yako vizuri. Upande wa pili kuna Singapore–New York, kilomita zaidi ya 15,300 na saa zaidi ya 18 angani. Sisi tuna Nairobi–New York ya Kenya Airways, iliyoanza Oktoba 2018: saa kama 15, ambazo Caravan yetu ingezitumia kwenda Kakuma mara thelathini.

Lakini mshindani halisi wa ndege hapa ni Probox, gari dogo la abiria. Barabara ya A1 kati ya miji hii miwili ina kilomita kama 120. Zamani ilikuwa mashimo na vumbi, magari yakisubiriana yaende kwa msafara wa askari. Siku hizi kuna lami. Abiria wa ndege anatakiwa awahi kiwanjani, apimiwe mizigo, asubiri; wa Probox anasubiri viti vijae tu. Kwa mwendo huu mfupi, mlango hadi mlango, kombe nampa Probox, ila mvua isinyeshe milimani. Laga, yaani mito ya msimu, zikifurika, barabara hukatika na ndege hushinda bila kutoa jasho.

Kwa wingi wa ndege, Lodwar na Kakuma zote zamani zilikuwa zikisalimu amri kwa Lokichoggio, mbele kidogo ukielekea mpaka wa Sudan Kusini. Mpango wa misaada wa Operation Lifeline Sudan ulipoanza mwaka 1989, Loki iligeuka kituo cha misaada. Miaka ya 1990 uwanja wake ulikuwa miongoni mwa wenye shughuli nyingi zaidi Kenya, na ndege za Hercules zikipaa na chakula cha kudondoshwa upande wa pili.

Rekodi ya safari ndefu kuliko zote za kufika Kakuma, hata hivyo, haikuwekwa na ndege wala gari. Maelfu ya wavulana wa Sudan walitoka vijijini mwao kuanzia 1987, wakatembea hadi Ethiopia, wakafurushwa huko mwaka 1991 baada ya mtawala wa huko, Mengistu, kuanguka, wakarudi kwenye vita, wakatembea tena. Walifika mwaka 1992, kambi ya wakimbizi ya Kakuma ikifunguliwa. Wengi walikuwa wametumia miaka mitano na zaidi ya kilomita 1,000, kwa miguu.