Kicheko Katika Nyumba Yenye Masurufu Machache

Mwezi mwandamo una siku ishirini na tisa au thelathini, na mwezi wa kalenda wajulikana na kila mtu. Lakini uko mwezi wa namna ya tatu, nao ni mwezi wa mfukoni. Huo, katika nyumba nyingi za mtaani kwetu, huisha baina ya tarehe 17 na tarehe 20. Siku zinazobakia hazimo katika hisabu ya mtu yeyote. Ni siku za kuazima chumvi kwa jirani, za kutikisa kibuyu cha mafuta kilichokwisha kutikiswa jana, na za baba kuondoka asubuhi mapema kidogo kuliko desturi yake ili asiulizwe neno mlangoni. Siku hizo ndizo tutakazo kuzizungumza.

Wasomaji wetu wamekwisha kusoma mawaidha mengi juu ya kuweka akiba, nasi hatuyabezi. Walakini mtu ambaye pato lake halifiki bei ya unga na kitoweo, kumhimiza aweke akiba ni kama kumhimiza mwenye kiu asimwage maji. Sisi twataka kusema juu ya jambo jingine, ambalo halinunuliwi dukani na ambalo tumeliona likizishika nyumba zisianguke, na pengine likiziangusha. Nalo ni mzaha.

Mwalimu wa madrasa hujua khabari za jikoni kuliko mjumbe wa mtaa, kwani watoto hawajui kuficha. Twawauliza juzuu, wao watupa khabari ya mchuzi. Hapa Tanga kwetu mchuzi ni nazi, na nazi moja ikikunwa vizuri na kukamuliwa kwa kifumbu hutoa kasimile, yaani tui zito la kwanza, kisha tui la pili. Wenye nafasi huishia hapo, na chicha wakawapa kuku. Katika zile siku tulizozitaja, chicha hutiwa maji mara ya tatu, na tui litokalo hapo huwa jeupe kwa heshima tu. Kijana mmoja wa miaka tisa alitwambia, "Maalim, jana nazi yetu iliogeshwa mara tatu." Dada yake akamkatiza hapo hapo: "Mara ya tatu haikuogeshwa, ilitawadhishwa." Darasa zima likacheka, na hao wawili wakacheka kuliko wote. Tukafahamu kwamba maneno yale hawakuyatunga wao. Yametoka nyumbani, na mchuzi ule uliliwa kwa furaha.

Mzee mwingine hutazama bakuli lake akasema, "Papa huyu alipita chunguni kusalimia, hakukaa." Na mama mmoja, mwenye watoto saba, dagaa huwaita "papa wachanga", na huwagawa kwa hisabu, kila mtoto kwa umri wake. Yule wa mwisho, wa miaka mitatu, hupata watatu, naye hudai siku ya kuzaliwa kila wiki.

Khabari ya sukari yataka maneno zaidi, maana hapo ndipo mwenye kidogo huzidi kupungukiwa, na watu wengi hawaoni. Tuseme kilo ya sukari ni shilingi 3,000, na robo yake yauzwa shilingi 800. Mwenye nafasi hununua kilo mara moja, akatoa 3,000. Asiye na nafasi hununua robo nne katika siku nne, akatoa 3,200. Na huyu aliyelipa zaidi ndiye aliye maskini! Hivyo hivyo mafuta ya kupima, mkaa wa kopo na sabuni ya kipande. Wala huyu si mjinga wala si mbadhirifu. Zile shilingi 3,000 hajapata kuziona zikikaa pamoja kwa siku moja. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua kubwa za El Niño zilipozuia viwanda visisage miwa, sukari ilipanda ikafika shilingi 4,000 kwa kilo, na mahali pengine ikazidi. Nyumba moja tuijuayo waliweka sheria wakati ule: kila kikombe kijiko kimoja, na mwenye kutaka cha pili asimulie hadithi, wakicheka watu, atapewa. Sheria ilikwenda vizuri mpaka ilipomfikia babu yao, ambaye hadithi zake hazina mwisho. Ikabidi azuiwe kwa amri ya daktari.

Nguo nazo zina khabari zake. Yuko mwanafunzi wetu ambaye kanzu yake imewapitia ndugu zake watatu. Ukiutazama upindo wake utaona mistari mitatu ya mahali uliposhushwa, kama pete ndani ya mti uliokatwa, na kila mstari ni kijana mmoja aliyerefuka. Siku moja alishindwa kuendelea na somo, tukamtazama kwa jicho kali. Akajibu kwa adabu: "Maalim, kanzu hii imekwisha kuhifadhi juzuu nyingi kuliko mimi." Tulimsamehe siku ile.

Mgeni akitokea jioni katika siku kama hizo, hapo ndipo ustadi wa nyumba huonekana. Mama hukohoa mara moja, na watoto wakajua kwamba kipande cha pili cha samaki si chao. Watu hudhani mambo haya yameletwa na zama zetu. Katika hadithi alizozipokea Bukhari mna kisa cha mgeni aliyemjia Mtume (s.a.w.), na nyumbani kwa wake zake hapakuwa na kitu ila maji. Answari mmoja akamchukua mgeni yule kwake, naye mkewe akamwambia kuwa hapana kitu ila chakula cha watoto. Wakawalaza watoto, wakakileta chakula, kisha mke akainuka kama atengenezaye taa, akaizima. Mgeni akala, na wenyeji wakawa gizani wajifanya wala, wakalala na njaa. Kila tukisomesha kisa hiki, watoto hucheka wafikapo penye taa. Nasi tumeona kwamba wanaotangulia kucheka, kabla hatujamaliza, ni wale watokao katika nyumba zilizo na dhiki. Wengine hucheka kwa kuwa kisa chachekesha. Wao hucheka kwa kuwa wakijua.

Na Abunuwasi wetu, ambaye hekaya zake husimuliwa pwani yote, naye mizaha yake mingi ni ya watu wenye njaa. Tajiri alimshitaki maskini kwa kuwa amekula chakula kikavu akinusa harufu ya pilau lake; Abunuwasi akaigonganisha fedha masikioni mwa tajiri, akamwambia malipo ya harufu ni mlio. Msomaji na aangalie kicheko hicho kimeangukia wapi. Hakikumwangukia mwenye njaa.

Twalisema hili kwa sababu. Yuko seremala mmoja, jirani yetu, mtu mwema na mcheshi, ambaye khabari yake twaisimulia kwa ridhaa yake na ya mkewe. Kila asubuhi alikuwa akiacha fedha ya matumizi juu ya meza. Bei zilipanda, na fedha ile ikabaki pale pale ilipokuwa mwaka uliopita. Mkewe alimwambia mara moja na mara ya pili kwamba haitoshi. Siku ya Ijumaa wakaja rafiki zake kula, na chakula kilipoletwa akasema mbele yao, "Mke wangu ni hodari, nusu kilo ya nyama huipika hata isionekane!" Wageni wakacheka. Mke naye, nyuma ya pazia, akacheka kwa sauti ili wasikie. Tangu siku ile hakusema tena kwamba haitoshi. Mchuzi ukawa mzito, nyama ikaonekana, na mume akajivunia kuwa mzaha wake umefundisha.

Kumbe mke amekwisha kwenda kukopa. Mikopo hiyo watu huiita "kausha damu", na jina halijakosea. Alichukua shilingi 100,000, akatakiwa alipe shilingi 4,500 kila siku kwa siku thelathini, yaani 135,000. Ubaya wa riba wajulikana na kila aliyesoma, lakini mwenye kwenda huko mara nyingi amekwenda kwa kuwa mlango wa nyumbani ulikuwa umefungwa. Siku zikampita, akakopa kwingine ili alipe huku. Mwezi wa nne wakaja watu wawili mchana, mume yuko kazini, wakachukua jiko la gesi na mtungi wake, na watoto watazama. Jioni seremala akarudi akakuta mafiga matatu uani na mkewe apuliza moto. Akauliza, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi akajibiwa.

Sisi hatumhukumu mwanamke yule kama wengine walivyomhukumu. Kumficha mume deni ni jambo zito, ni kweli. Lakini mtu aliyekwisha kuchekwa mbele za watu kwa kusema kweli, waweza kumtazamia aiseme tena? Hind binti Utba alikwenda mbele ya Mtume (s.a.w.) kumshitaki Abu Sufyan kwa ubahili, naye hakukemewa wala hakuchekwa, aliruhusiwa achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Mambo ya masurufu yalizungumzwa hapo waziwazi. Na ile aya ya 67 katika Suratul Furqan, isifuyo watu wasiofanya israfu wala ubahili, huwafikii wastani huo ikiwa katika nyumba mmoja ndiye ajuaye kilichopo na mwingine ndiye ajuaye kinachotakiwa.

Seremala aliuza randa yake moja na kitanda alichokuwa amekitengeneza kwa ajili ya mwanawe, deni likaisha kwa taabu. Kisha wakanunua daftari la shilingi mia chache, likatundikwa kwa uzi penye mlango wa jiko. Usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya Isha, huandikwa humo kilichoingia na kilichotoka, na watoto wote huwapo. Kila mtoto amepewa wizara. Mkubwa ni waziri wa mkaa, maana jiko la gesi halijarudi. Wa pili ni waziri wa luku, na kazi yake ni kusikiliza kidude cha umeme kinapoanza kulia, kisha kutafuta nani ameacha taa ikiwaka. Mdogo, msichana wa miaka sita, ni waziri wa chumvi, naye ndiye mkali kuliko wote.

Mzaha haukutoka katika nyumba ile. Juma lililopita tulipita tukasikia kelele, tukabisha hodi tukidhani pana ugomvi. Waziri wa luku alikuwa amemshitaki baba yake kwa kulala na taa ya ukumbini inawaka, na baba ajitetea kwamba alikuwa akisoma. "Soma mchana," mkewe akamwambia, "jua halina luku." Seremala akaangua kicheko, akatukaribisha chai. Ilikuwa ya kijiko kimoja.