Wazee wasilale njaa ilhali jiko la jirani linawaka

FIMBO ya mbali, walinena wahenga, haiui nyoka. Methali hii hunijia kila nimwonapo mzee aliyejifungia chumbani mwake mtaani, wanawe wakiwa Nairobi, Doha au London, nazo pesa zikimfikia kwa simu kila mwisho wa mwezi. Mwana huyo hana ila, kwani ametuma alichojaliwa. Hata hivyo nyoka wa njaa humuuma mzee saa saba mchana, na saa hiyo fimbo i mbali.

Nataka leo tulizungumze jambo ambalo aghalabu hatulizungumzi kwa kuwa linatutia haya: kwamba miongoni mwetu wamo wakongwe, wagonjwa na walemavu ambao hawali, si kwa sababu hakuna chakula sokoni, bali kwa sababu hakuna wa kuwapikia na kuwafikishia.

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Mombasa, mama alipopakua chakula cha mchana, sahani ya kwanza haikuwa ya baba wala yetu sisi watoto. Ilifunikwa kwa kawa, nikakabidhiwa mimi niipeleke kwa bibi mmoja aliyeishi peke yake nyumba ya tatu kutoka kwetu. Bibi huyo hakuwa jamaa yetu. Maagizo ya mama yalikuwa matatu: nisikimbie, nisifunue, na nisirudi kabla sijamwona bibi akianza kula.

Siku moja nilipitia uwanjani nikaona wenzangu wanacheza mpira. Niliweka sahani chini ya mwembe, nikaingia mchezoni. Nilipokumbuka, mwadhini alikuwa akiadhini magharibi. Nilipiga hodi nikitetemeka. Bibi hakunikemea. Aliniuliza tu, "Mwanangu, kwenu kuna mgonjwa?" Alikuwa ameketi kizingitini tangu adhuhuri, na hofu yake haikuwa ya tumbo lake bali ya nyumba yetu.

Mama alipopata habari hakunichapa. Kesho yake aliniwekea chakula changu kando, akaniambia nitakila magharibi, saa ile ile aliyokula bibi. Viboko vingi vya utotoni nimevisahau, lakini adhabu ile sijaisahau. Nilifahamu siku hiyo kwamba kwa mtu asiyeweza kujipikia, chakula kilichochelewa hakina tofauti kubwa na chakula kisichokuja.

Desturi ile ya kupelekeana sahani haikuwa ya mama yangu peke yake. Ilikuwa ya mtaa mzima, na hata leo huonekana katika mwezi wa Ramadhani futari inapovuka kutoka mlango hadi mlango. Bara nako, mke wa mwana alijua kwamba chungu hakiepuliwi hadi mama mkwe ametengewa fungu lake. Lakini mji umepanuka na vijana wamehama. Nyumba za kupanga zimejaa watu wasiojuana majina. Siku hizi mtu anaweza kukaa ukuta kwa ukuta na mkongwe mwaka mzima asijue kama amekula.

Wala wazee wenyewe si wachache. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Wakenya waliotimu miaka 60 na zaidi walikuwa karibu milioni 2.7. Katiba yetu ya mwaka 2010 iliwakumbuka. Kifungu cha 57 kinawapa haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Kifungu cha 43 nacho kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Maneno hayo ni mazuri. Suali ni moja tu: nani atayabeba hadi mlangoni?

Yuko atakayesema kwamba serikali imekwisha kulitatua jambo hili kwa fedha. Ni kweli kwamba mpango wa Inua Jamii ulifungua mlango mwaka 2018 kwa wote waliotimu miaka 70, na fungu lao likawa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mimi si katika wanaoudharau mpango huo. Nimeona shilingi hizo zikimwondolea mzee aibu ya kuombaomba. Lakini hebu tuzigawe kwa siku 30. Haziachi hata shilingi 70 kwa siku, na humo mna chakula, makaa, maji, dawa na nauli.

Hata fungu hilo lingeongezwa maradufu, pesa haziteki maji wala haziwashi jiko. Mzee ambaye mikono yake inatetemeka hawezi kuepua sufuria ya moto. Mwenye mtoto wa jicho hawezi kuchambua mchele. Asiye na meno hatatafuna githeri hata akinunuliwa gunia zima. Isitoshe, umri unapozidi, hamu ya kula na kiu hupungua, hata mtu akashinda na kikombe cha chai ya rangi akidhani ameshiba. Mwenye kisukari aliyekunywa dawa pasipo kula yumo hatarini kuanguka na kuzimia. Mtu wa aina hii anahitaji chakula kilichopikwa, kilicho laini, kwa saa inayojulikana, kikiletwa na mtu atakayemtazama usoni.

Mataifa mengine yalilitambua hili zamani. Nchini Uingereza, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mabomu yalibomoa nyumba na majiko, na vijana walikuwa vitani. Chama cha wanawake wa kujitolea, kilichoasisiwa na Lady Reading mwaka 1938, kiliona wazee wakibaki bila wa kuwapikia. Mwaka 1943, katika mji wa Hemel Hempstead, akina mama hao walianza kuwapelekea chakula cha moto majumbani. Hawakungoja vita viishe wala kununuliwa magari mapya. Katika mji wa Welwyn Garden City wenzao walitumia hata kigari cha kusukumia mtoto mchanga.

Huko Australia Kusini, shughuli kama hiyo iliasisiwa mwaka 1953 na Doris Taylor, na jiko lake la kwanza likaanza kazi Port Adelaide mwaka uliofuata. Mama huyu aliumia utotoni, akaishi maisha yake katika kiti cha magurudumu. Mtu ambaye wengi wetu tungemhesabu katika wa kupelekewa chakula ndiye aliyewapangia wengine jinsi ya kukipeleka.

Lakini kisa ninachotaka walimu wakisome darasani ni cha mji wa Philadelphia nchini Marekani. Januari 1954, mhudumu wa jamii aitwaye Margaret Toy alianzisha mpango wa kuwapelekea chakula wazee na wagonjwa wasioweza kutoka nyumbani. Waliokibeba chakula hicho walikuwa wanafunzi wa shule ya upili. Watu wakawabandika jina la Malaika wa Sahani. Miaka 18 baadaye, mwaka 1972, Rais Richard Nixon alitia sahihi sheria iliyoiingiza lishe ya wazee katika mipango ya taifa. Kumbe jambo lililoanza kwa miguu ya wanafunzi liliishia katika kitabu cha sheria!

Kuna faida nyingine katika kukipeleka chakula mlangoni. Aprili 2020, wakati wa maradhi ya korona, chakula cha msaada kiligawiwa mahali pamoja mtaani Kibera. Umati ulifurika, pakatokea mkanyagano, polisi wakarusha gesi ya kutoa machozi na watu wengi wakaumia. Katika fujo kama ile, ni nani afikiaye mfuko wa unga? Ni mwenye kifua na miguu ya mbio. Ajuza hufika mwisho, au hafiki kamwe. Msaada unaogawiwa kwa kusukumana huwapita wale wale uliokusudiwa.

Tena, anayepiga hodi kila siku huona mengi. Huona kama mzee ana homa, kama paa linavuja, kama jana hakugusa chakula. Huona pia kama anadhulumiwa. Sote tunajua jinsi wakongwe katika Kaunti ya Kilifi walivyoshambuliwa na hata kuuawa kwa kusingiziwa uchawi. Dhuluma hiyo hustawi pale mzee anapokuwa peke yake, hana amtembeleaye, hata watoto wa kijiji wakafundishwa kumwogopa. Mtoto aliyezoea kumpelekea uji kila mchana si rahisi kuambiwa kwamba bibi huyo ni mchawi akasadiki.

Basi tufanye nini? Naona rasilimali tunayo, na iko shuleni. Shule nyingi zina jiko, zina mpishi, na saa ya chakula chao haibadiliki. Jijini Nairobi mpango wa Dishi na County, ulioanzishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba yawezekana kupika katika majiko makubwa na kuwalisha maelfu ya watoto, kila mmoja akichangia shilingi 5. Je, jiko linalopikia watoto mia tano litashindwa kuongeza sahani kumi za wazee wanaoishi karibu na ua wa shule? Mtaala wa Umilisi nao unawataka wanafunzi wajifunze kwa kuihudumia jamii. Ni huduma gani iliyo wazi zaidi kuliko hii?

Lakini sitaki tuanze kwa pupa tukaishia kwa aibu. Lazima kwanza mwalimu, mzee wa mtaa na mhudumu wa afya wa jamii waketi pamoja, waandike ni nani hasa hawezi kujipikia, ana maradhi gani na anakatazwa nini. Vyombo viwe na vifuniko, chakula kiondoke kikiwa moto na kifike kikiwa moto. Wanafunzi waende wawili wawili pamoja na mtu mzima, wazazi wakiwa wameridhia, na wasiingie nyumba wasiyotumwa. Na wakati wa likizo zamu zichukuliwe na misikiti, makanisa, vyama vya akina mama na hata vijana wa bodaboda, maana tumbo la mzee halijui kufunga shule.

Hapo ndipo penye mtihani mkubwa. Katika miaka ya 2010, mabaraza mengi ya Uingereza, nchi iliyotangulia katika jambo hili, yaliifuta huduma hiyo kwa kisingizio cha uhaba wa fedha. Mzee aliyezoeshwa hodi ya adhuhuri kisha akaachwa ameumizwa mara mbili. Heri shule ianze na wazee watatu na kuwatimizia mwaka mzima kuliko kuanza na thelathini, wapigwe picha, kisha wasahauliwe kabla ya muhula kwisha.

Nimesikia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba haya ni mambo ya kizungu, kwani Mwafrika hutunzwa na jamaa yake. Nami nauliza, ile sahani chini ya kawa ilikuwa ya kizungu? Ugeni haumo katika kumlisha jirani. Ugeni umo katika kufunga mlango tukala ilhali tunajua jirani hana. Wala sahani ya jirani haimfungui mwana wajibu wake. Humsaidia tu mpaka atakapofika.

Pingamizi ya pili ina uzito zaidi: kwamba wazee wenyewe watakataa kwa kuona wamedhalilishwa. Naam, wako watakaokataa, na wana haki. Mtu aliyelima, aliyefundisha au aliyevua samaki maisha yake yote hapendi kuitwa maskini mbele ya watoto. Kwa hiyo pasiwe na kamera, pasiwe na hotuba. Anayeweza kuchangia shilingi kumi achangie. Asiye nazo ana kitu kingine. Mwanafunzi akimaliza kusalimu kwa adabu na kuweka sahani, na amwulize mzee habari za mtaa ulivyokuwa, maana ya methali, dawa ya mti fulani, au jinsi jahazi lilivyotengenezwa. Hivyo kila mmoja atakuwa amempa mwenzake chakula, na sahani haitarudi tupu.

Hakika ndivyo ilivyokuwa kwangu. Bibi yule hakuwahi kunirudishia sahani tupu. Siku ambayo hakuwa na embe wala kipande cha muwa cha kuweka ndani yake, alinipa kitendawili niende nacho nyumbani, na jibu lake nilifuate kesho. Nilidhani ananichezea. Sasa najua kwamba alikuwa akihakikisha nitarudi.

Alifariki nikiwa darasa la sita. Siku ya mazishi mama alipakua chakula kama kawaida, akatenga sahani ya kwanza, akaifunika kwa kawa, kisha akasimama nayo mkononi asijue aipeleke wapi. Mwishowe alinituma nyumba ya pili yake, kwa mzee mmoja fundi viatu ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia.

Walimu, na nyinyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu wakati wa mapumziko: kutoka lango la shule yenu hadi mlango wa mzee aliye karibu nanyi ni hatua ngapi? Zihesabuni leo mtakapokuwa mkienda nyumbani.