Kisu Kipi Kinafaa kwa Mashine Yako ya Kukatia Nyasi? Amua Kwanza Nyasi na Majani Yanakwenda Wapi

Leo tuongelee kitu ambacho wengi hatukijali mpaka siku kinapoharibika, nacho ni kisu cha mashine ya kukatia nyasi.

Huku Nyanda za Juu Kusini wapo wakulima wa parachichi ambao wameweka jembe na kwanja pembeni na kununua mashine ya kusukuma yenye injini. Kwa parachichi hilo ni jambo jema. Mizizi midogo inayolisha mti iko juu juu kwenye udongo, kwa hiyo kila ukipalilia kwa jembe chini ya mti unaikata. Mashine inapunguza nyasi na kuacha mizizi salama.

Sasa shida inakuja kisu cha kwanza kikiisha. Mkulima anakwenda dukani, anauliza "kipi imara?", anapewa kilichopo. Mimi nikiulizwa hivyo, huwa nauliza swali langu kwanza: nyasi ukishazikata, unazipeleka wapi? Maana kisu ndicho kinachoamua nyasi zitapelekwa wapi na zitakuwa katika hali gani.

KISU KINAFANYAJE KAZI

Kichukue kisu ukiangalie. Sehemu yenye makali ni ile ya mbele, pande zote mbili za ncha. Nyuma ya makali kuna sehemu iliyokunjwa kwenda juu, tuiite bawa. Kisu kikizunguka, bawa hilo linavuta hewa kama feni. Hewa inazisimamisha nyasi zikatwe vizuri, halafu inazirusha nje au kwenye mfuko. Ukishaelewa bawa, umeelewa visu vyote.

1. Kisu chenye bawa refu
Hiki kinavuta hewa nyingi. Kinafaa kama unakusanya nyasi kwenye mfuko, au unataka zirushwe pembeni. Kinainua hata majani makavu yaliyolala chini. Ubaya wake ni kwamba kinataka injini yenye nguvu na kinakula mafuta zaidi. Pia kwenye udongo wa kichanga kinanyonya mchanga, na mchanga huo unasugua bawa mpaka linakuwa jembamba kama karatasi. Bawa likifika hapo linaweza kukatika na kuruka.

2. Kisu chenye bawa fupi
Hiki kimenyooka zaidi. Kinavuta hewa kidogo, hakitimui vumbi sana na hakiichoshi injini. Kama shamba lako lina mchanga au ni kiangazi na vumbi limezidi, chagua hiki. Ila usitegemee kijaze mfuko vizuri.

3. Kisu cha kusaga
Hiki kimepinda pinda na kina makali marefu zaidi, na vingine vina meno nyuma. Badala ya kurusha nyasi nje, kinazizungusha ndani ya kava na kuzikata tena na tena mpaka zinakuwa vipande vidogo, kisha vinaanguka chini. Kinafanya kazi vizuri ukiwa umeziba mlango wa kutolea nyasi. Kwa majani makavu, hiki ndicho chenyewe. Lakini nyasi ndefu au zenye umande zinakiziba, unakuta mabonge mabonge yanaachwa nyuma na injini inataka kuzima.

KWA NINI NASEMA USAGE MAJANI

Parachichi haliachi majani yote kwa mara moja, lakini linaangusha yale ya zamani, hasa kipindi cha maua. Wengi wanayafagia na kuyachoma wakidhani ni uchafu. Ndugu yangu, hiyo ni mbolea yako unaichoma. Majani yakibaki chini ya mti yanahifadhi unyevu, yanakinga mizizi na jua, na yakioza yanalisha udongo.

Jani zima la parachichi ni gumu, linachukua muda mrefu kuoza. Likisagwa, wadudu na vijidudu vya udongo wanapata pa kuanzia. Pitisha mashine siku ya jua, majani yakiwa makavu. Kama yamelundikana sana, inua mashine iwe juu kidogo, pita mara ya kwanza taratibu, halafu ishushe na upite mara ya pili. Yasambaze chini ya matawi, ila acha nafasi ya kama sentimita 20 kuzunguka shina. Ukirundika mpaka kwenye shina unalea unyevu na ukungu unaoozesha gome.

Unaweza pia kutengeneza mboji. Weka ndoo tatu za majani makavu yaliyosagwa kwa ndoo moja ya nyasi mbichi. Nyasi mbichi peke yake zinaoza na kunuka, na majani makavu peke yake yanakaa muda mrefu bila kuoza. Ukichanganya, kazi inakwenda.

Kitu kimoja tu: kama mti una ugonjwa wa majani au matunda yanaoza, usisage yaliyo chini yake ukasambaza shambani. Kusanya, toa nje ya shamba, fukia.

HAPA NAOMBA USISOME HARAKA HARAKA

Wapo wanaonunua kisu chenye bawa refu na mfuko ili wapate nyasi za mifugo. Nyasi za kwenye uwanja au kingo za shamba, sawa. Lakini nyasi ulizokusanya chini ya parachichi zina majani ya parachichi ndani yake, na majani hayo yana sumu inayoitwa pesini. Mbuzi, ng'ombe, kondoo, sungura, farasi, wote inawadhuru.

Kwa mnyama anayenyonyesha au anayekamuliwa, dalili ya kwanza mara nyingi ni kiwele. Kinavimba, kinakuwa kigumu, maziwa yanapungua na kutoka na mabonge. Akila mengi, moyo unaathirika: anapumua kwa shida, anavimba shingoni na kifuani, anaweza kufa. Mama mmoja katika eneo ninalohudumia alimtibu mbuzi wake kiwele mara mbili bila nafuu. Nilipokwenda kuangalia banda, horini kulikuwa na nyasi za mashine zimechanganyika na vipande vya majani ya parachichi. Tulipobadilisha chakula, mbuzi hakuvimba tena, ila maziwa ya msimu ule hayakurudi kama mwanzo.

Mashine inaongeza hatari kwa sababu mbuzi hawezi kuchagua. Jani zima anaweza kulisukuma pembeni. Vipande vidogo ndani ya nyasi anavimeza vyote. Na usidanganyike kwamba yakikauka sumu imeisha. Kwa hiyo chini ya parachichi tumia kisu cha kusaga na viache vyote pale pale. Nyasi za mifugo zitafute kwingine.

KABLA HUJALIPIA

Nenda dukani na kisu cha zamani mkononi, usiende na picha ya kichwani. Linganisha vitu vitatu. Cha kwanza ni urefu, na upimaji wake ni kutoka kona ya ncha moja kwenda kona ya ncha ya upande wa pili kwa mshazari. Cha pili ni tundu la katikati: kuna la mviringo, kuna lenye umbo la nyota, na nyota zenyewe hazilingani idadi ya pembe. Cha tatu ni upana na unene. Kisu kirefu kuliko kinachotakiwa kitagonga kava, na kifupi kitaacha mistari ya nyasi. Tundu likiwa kubwa, usikubali kufungiwa kwa kuongezea vipande vya bati. Hicho kisu kinazunguka kwa kasi kubwa karibu na miguu yako.

KUFUNGA NA KUNOA

Kabla ya kugusa kisu, zima injini, subiri ipoe, kisha chomoa waya wa plagi. Hili halina mjadala. Injini inaweza kushtuka ukizungusha kisu kwa mkono. Ukiilaza mashine, kichujio cha hewa kiwe upande wa juu ili mafuta na oili visiingie humo. Wakati wa kufunga, bawa liangalie juu, upande wa kava. Kikigeuzwa, hakikati, kinapigapiga nyasi tu.

Noa kila baada ya kama saa 25 za kazi, au mapema zaidi kama ncha za nyasi zinachanika na kugeuka kahawia. Tumia tupa, fuata mlalo wa makali uliokuwepo, ambao kwa kawaida ni karibu nyuzi 30. Usikifanye kama wembe, kitapinda kwenye kijiti cha kwanza. Noa pande zote mbili sawasawa, kisha kitundike kwenye msumari kwa tundu la katikati. Kikilalia upande mmoja, huo ni mzito, endelea kuupunguza mpaka kikae sawa. Kisu kisicho na mizani kinatikisa mashine na kuua injini polepole. Chenye ufa au bawa lililoliwa hakinolewi wala hakichomelewi, kinatupwa.

Mwisho, usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa mara moja. Kama zimefika magotini, anza na kwanja, ndipo ulete mashine. Na karibu na shina la mti mchanga ng'oa kwa mkono. Gome likichubuliwa kuzunguka mti mzima, mti huo umekwisha, hata kisu kiwe kizuri namna gani.

Kama hujui kisu chako ni aina ipi, kipeleke kwa afisa ugani wa kata yako au fundi unayemwamini, mkiangalie pamoja kabla hujanunua kingine.