Masaa 11 juu ya Mkeka: Mieleka ya Stockholm, Mwaka 1912

Katika masomo ya Kigriki na Kilatini tunakutana mara nyingi na michezo ya watu wa kale: mbio, kurusha kisahani, na mieleka. Tena, wakati wa Michezo ya Olimpiki, redio na magazeti yanatangaza habari za "mieleka ya Kigriki na Kiroma". Msomaji anafikiri moja kwa moja kwamba ni mieleka ileile ya watu wa kale. Sivyo. Inafaa basi tueleze kwanza mchezo huu ni nini na jina lake lilitoka wapi. Kisha tutasimulia mashindano ya Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, mwaka 1912, ambapo lilipiganwa pambano la mieleka refu kuliko yote ya Olimpiki. Mwisho tutauliza: sababu ya mambo yale ilikuwa nini? Tutaona kwamba kosa halikuwa la wapiganaji. Kosa lilikuwa katika sheria.

I. Jina na masharti

Mieleka ya Kigriki na Kiroma haikuzaliwa Ugriki wala Roma. Ilizaliwa Ufaransa katika karne ya 19. Karibu na mwaka 1848, askari mmoja wa zamani wa jeshi la Napoleon, jina lake Jean Exbrayat, alikuwa akipigana mieleka katika sikukuu za watu. Yeye aliweka sharti moja kubwa: ni marufuku kumshika mwenzako chini ya kiuno. Tena alikataza mishiko yenye kuumiza. Mchezo huo uliitwa kwanza mieleka ya mikono wazi. Baadaye Mwitalia Basilio Bartoletti aliupa jina la Kigriki na Kiroma, na jina hilo likauletea heshima ya mambo ya kale.

Sharti la kiuno ndilo linalotofautisha mchezo huu na mieleka mingine mingi. Mpiganaji hawezi kushika miguu ya mwenzake, wala kumpiga ngwala. Kazi yote ni ya mikono, kifua, shingo na mgongo. Anamkumbatia mwenzake, anamwinua, anamtupa. Ushindi kamili ni huu: mabega yote mawili ya mpinzani yaguse mkeka kwa pamoja.

Kwa Wagriki wa kale mambo yalikuwa mengine. Mieleka iliingia katika michezo ya Olympia mwaka 708 mbele ya Kristo. Ngwala iliruhusiwa, na mshindi alikuwa yule aliyemwangusha mwenzake mara tatu. Hawakutenga watu kwa uzito, wala hawakupima muda. Walijua lakini kwamba inaweza kutokea siku ambapo hakuna anayemshinda mwenzake. Maandishi yaliyochongwa juu ya mawe yanatuonyesha walivyofanya: pambano liliitwa "hiera", ni kusema "takatifu", na taji halikuwekwa juu ya kichwa cha mtu yeyote. Liliwekwa wakfu kwa mungu wa sikukuu ile. Tukumbuke neno hili, kwani tutalirudia.

II. Onyo la Athens

Michezo ya Olimpiki ilipofufuliwa huko Athens mwaka 1896, mieleka ilikuwamo. Hapakuwa na madaraja ya uzito: wakubwa na wadogo walipigana pamoja. Katika pambano la mwisho Mjerumani Carl Schuhmann alikutana na Mgriki Georgios Tsitas. Wakapigana hata giza likaingia, na hakuna aliyeshinda. Ikawapasa kuacha na kurudi kesho yake. Ndipo Schuhmann akashinda.

Lile lilikuwa onyo. Kama jua likizama kabla ya mshindi kupatikana, basi sheria imesahau kitu. Lakini onyo halikusikiwa vizuri.

III. Stockholm, Julai 1912

Miaka 16 baadaye, watu wapatao 170 kutoka inchi 18 walifika Stockholm kwa mieleka. Mwaka ule Olimpiki ilikuwa na mieleka ya Kigriki na Kiroma tu. Safari hii waligawanywa katika madaraja matano: hata kilo 60, hata kilo 67 na nusu, hata kilo 75, hata kilo 82 na nusu, na wale wenye kupita uzito huo. Kwa upande wa uzito, haki ilitunzwa vema. Lakini kwa upande wa muda, mapambano ya mwisho yaliachwa bila kikomo: wapigane mpaka mmoja ashindwe.

Mikeka ilitandikwa nje, katika uwanja mkubwa wa michezo, chini ya jua. Na jua la siku zile lilikuwa kali. Tarehe 14 Julai, katika mbio ndefu za maratoni, Mreno Francisco Lázaro alianguka njiani kwa sababu ya joto, akafa kesho yake.

Katika daraja la kilo 75 walikutana Alfred Asikainen wa Ufini na Martin Klein, Mwestonia aliyepigana kwa jina la Urusi. Asikainen alikuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1911. Hapa yafaa tueleze jambo moja la historia. Wakati ule Ufini na Estonia zote mbili zilikuwa chini ya Mfalme wa Urusi, Nikolai wa Pili. Wafini walikuwa na ruhusa ya kupeleka kundi lao wenyewe katika michezo, lakini walipopata ushindi, bendera iliyopandishwa ilikuwa ya Urusi. Waestonia hawakuwa hata na kundi lao. Tena lugha za mataifa hayo mawili ni ndugu, kama vile lugha nyingi za Kibantu zilivyo ndugu. Basi waliosimama juu ya mkeka walikuwa raia wawili wa mfalme mmoja, watoto wa mataifa madogo yaliyo jirani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na bendera yake. Ufini ilipata uhuru mwaka 1917, na Estonia ilitangaza uhuru wake mwaka 1918.

Wakaanza kupigana. Nusu saa ikapita, wakapumzika kidogo, wakanywa, wakarudi. Nusu saa nyingine, vilevile. Asubuhi ikawa mchana, mchana ukaelekea jioni. Kila mmoja alikuwa na nguvu za kutosha ili asianguke, lakini hakuwa na nguvu za kutosha ili amwangushe mwenzake. Baada ya masaa 11 na dakika 40, Klein ndiye aliyeshinda.

Alishinda, lakini alipata nini? Alibakiwa na pambano moja tu la kugombea nafasi ya kwanza, dhidi ya Claes Johanson wa Uswidi. Klein hakuweza tena. Mwili wake ulikuwa umekwisha kabisa, na hakusimama mbele ya Johanson. Medali ya zahabu ikaenda kwa Johanson, ya feza kwa Klein, na ya shaba kwa Asikainen. Tusimdharau Johanson: alikuwa mpiganaji hodari kweli. Mwaka 1920, huko Antwerpen katika Ubelgiji, alipata zahabu tena katika daraja la uzito mkubwa zaidi. Lakini katika Stockholm, mtu aliyeshinda pambano gumu kuliko yote alipoteza taji kwa sababu ya ushindi wake wenyewe.

IV. Pambano lisilo na mshindi

Katika daraja la kilo 82 na nusu lilitokea jambo lingine la ajabu. Anders Ahlgren wa Uswidi na Ivar Böhling wa Ufini walifika mwisho, wakapigana masaa 9. Hakuna aliyeanguka. Waamuzi wakasimamisha pambano na kutangaza kwamba wote wawili wako sawa.

Je, wapewe zahabu wote wawili? Waamuzi walikataa. Walisema: zahabu ni ya yule anayemshinda mpinzani wake, na hapa hakuna aliyemshinda mwenzake. Basi wote wawili wakapewa feza, na Mhungaria Béla Varga akapata shaba. Medali ya zahabu ya daraja lile haikutolewa kwa mtu yeyote.

Msomaji ameona ufanano na "hiera" ya Wagriki. Kwa namna hii tu, mchezo ule uliojipa jina la kale ulifanana kweli na mambo ya kale. Tofauti ni kwamba Wagriki walikuwa na desturi ya kuheshimu pambano la namna ile: taji liliwekwa mahali pa heshima. Huko Stockholm zahabu ilikosa tu mwenyewe.

Tusisahau hata hivi kwamba mashindano yalikuwa na matunda. Kati ya medali 15 za mieleka, Wafini walipata 7. Watatu kati yao walipata zahabu: Kaarlo Koskelo, Eemil Väre, na Yrjö Saarela katika daraja la watu wazito. Kwa taifa lisilo na bendera, ilikuwa furaha kubwa.

V. Sababu ilikuwa nini?

Watu wengi wakisikia masaa 11 na dakika 40 wanasifu ushujaa. Ni haki yao. Lakini ushujaa peke yake hauelezi neno lote. Tutazame mchezo wenyewe. Katika mieleka hii, mtu anayeshambulia lazima amkaribie mwenzake, amzungushie mikono, ajaribu kumwinua. Hapo ndipo yeye mwenyewe anajiweka katika hatari, kwani anaweza kugeuzwa na kutupwa. Anayengoja, miguu yake haishikwi, anajikaza tu. Basi kama wawili wana nguvu sawa, na saa haina mwisho, akili inamwambia kila mmoja: ngoja, mwenzako atachoka kwanza. Na kadiri wanavyozidi kuchoka, kadiri hiyohiyo wanaogopa kujaribu. Sheria isiyo na kikomo haikuzidisha mapigano. Ilizidisha kungoja.

Baada ya miaka ile sheria zilibadilishwa polepole. Siku hizi pambano la watu wazima lina vipindi viwili vya dakika 3, na sekunde 30 za kupumzika katikati. Kila mtupo una nukta zake. Anayekataa kushambulia anaadhibiwa: mwenzake anapewa nukta, naye anaweza kuamriwa alale juu ya mkeka ashambuliwe. Anayemzidi mwenzake kwa nukta 8 ameshinda papo hapo. Na nukta zikiwa sawa, sheria inaonyesha mbele ni nani mshindi. Masaa 11 na dakika 40 ni dakika 700. Ndani yake yangeingia zaidi ya mapambano 110 ya siku hizi. Wengine wanasema kwamba mchezo umepoteza ukali wake wa zamani. Sisi tunaona kwamba umepata haki: anayeshinda leo anaweza kusimama kesho.

VI. Neno kwa wenye kuongoza michezo

Waseminari wanaosoma Agano Jipya katika Kigriki wamekwisha kuona kwamba Mtume Paulo, katika barua kwa Waefeso (6, 12), anatumia neno "palê", ni kusema mieleka, anaposema juu ya vita vyetu vya kiroho. Na katika barua ya pili kwa Timoteo (2, 5) anaunganisha taji na sheria: nguvu tu hazitoshi. Alijua michezo ya Wagriki, na wasikilizaji wake pia walikuwa wakiijua.

Lakini sheria nayo ina wajibu wake. Padri au mkatekista anayesimamia michezo ya vijana ataona faida ya kutangaza mambo matatu mbele ya kuwaita wawili wapigane: wapi panaruhusiwa kushikwa, saa gani pambano litakwisha, na nini kitaamua kama hakuna aliyeanguka. Jambo la kwanza, Stockholm walilijua vizuri sana. La pili na la tatu waliyaacha, na aliyelipa ni Martin Klein, aliyekuwa amekwisha kushinda.