Dakika 12 kwa siku

Mstari ninaokutana nao mara nyingi zaidi nikitoka Chamazi kwenda mjini ni Yeremia 29:11. Umebandikwa kwenye vioo vya nyuma vya daladala, kwenye vibanda vya wakala wa simu, na umo kwenye status za WhatsApp za ndugu zangu wengi. Wanaoupenda wanasikia humo kwamba kesho yao iko salama mikononi mwa Mungu, nao hawajakosea. Ila mstari wa 10, ulio juu yake tu, sijauona umebandikwa popote. Huo unawaambia mateka wa Babeli kwamba wasubiri miaka 70. Wengi waliosomewa barua ile ya Yeremia walijua kuwa watazikwa ugenini. Faraja ipo, tena kubwa, lakini sehemu yake nono ni ya wajukuu.

Umbali huo kati ya mstari wa 10 na wa 11 ndio ninaotaka kuupigia hesabu.

Nianze na ukubwa wa kitabu chenyewe. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189: Agano la Kale 929, Agano Jipya 260. Ya Kikatoliki ina vitabu 73, kwa hiyo ongeza kidogo. Ukiisoma yote kwa sauti, bila kukimbia, utatumia kama saa 75. Gawa kwa siku 365, unapata dakika 12 na sekunde chache kwa siku. Agano Jipya peke yake limekaa vizuri zaidi kwa mtu wa kazi: sura 1 kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa majuma 52, ni sura 260 kamili. Aliyepandia gari Chamazi anaweza kuimaliza sura yake kabla gari halijajinasua kwenye foleni ya Mbagala Rangi Tatu.

Na kitabu hakijakosekana. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akaanza kutafsiri Mwanzo. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ikakamilika 1891, miaka 47 baadaye. Union Version, ile ambayo wengi wetu tumekua nayo, ni ya 1952. Leo simu inaibeba bure. Kizazi kilichosubiri miaka 47 kingetushangaa.

Tatizo liko kwenye dakika, hasa katika mji unaokua kama wetu. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Ni ongezeko la watu 1,019,187 katika miaka 10. Mwaka 2022 Temeke ilikuwa na 1,346,674 na Kinondoni 982,328, hata baada ya kumegwa Kigamboni na Ubungo. Wakristo ni wangapi humo hakuna takwimu ya serikali inayosema, maana sensa haijauliza dini tangu 1967. Lakini maisha ya pembezoni tunayajua. Mtu ameacha kijiji ambako mwinjilisti alimjua kwa jina la babu yake, amejenga Bunju au Chamazi, anatoka alfajiri na kurudi watoto wamelala. Neno analolipata ni la Jumapili.

Je, Jumapili inampa kiasi gani? Kanisa Katoliki lina mpangilio wa masomo uliotoka 1969, wa mzunguko wa miaka 3. Padri mmoja Mjesuiti wa Marekani, Felix Just, aliuhesabu mstari kwa mstari. Anayehudhuria Jumapili zote na sikukuu kubwa kwa miaka 3 anasikia karibu asilimia 41 ya Agano Jipya, na karibu asilimia 4 tu ya Agano la Kale ukiacha Zaburi. Na mpangilio huo ni mkarimu kuliko uliotangulia. Makanisa ambako mhubiri huchagua andiko mwenyewe kila juma hayana hata hesabu ya kulinganisha.

Kwa watoto hesabu inauma zaidi. Shule ya Jumapili ya saa 1 kwa juma ni saa 52 kwa mwaka, kama mtoto hakosi hata mara moja, na kama tuisheni ya darasa la saba haijamchukua Jumapili yenyewe. Jirani yake anayekwenda madrasa siku 5, saa 1 na nusu kila siku, kwa majuma 40, anapata saa 300. Kurani ina aya 6,236. Biblia ina mistari 31,102, karibu mara 5. Kwa idadi ya mistari kitabu chetu ni kirefu mara 5, na muda tunaowapa watoto ni mfupi karibu mara 6. Nikiwaona watoto wale baada ya alasiri, juzuu zimekumbatiwa kifuani, naona wivu, wivu wa heri.

Kwingine dunia inapoingia kanisani, watu wanaiacha Biblia. Marekani, chama chao cha Biblia kilikuta asilimia 50 ya watu wazima wakiitumia Biblia mwaka 2021, na asilimia 39 mwaka 2022. Kwetu mabenchi yamejaa na turubai limeongezwa nje. Dunia inaingia kwa mlango mwingine: inavaa mstari. Msibani nimemsikia mshereheshaji akisema kwamba Biblia inasema jisaidie nami nitakusaidia, na watu wakaitikia amina. Biblia haisemi hivyo mahali popote.

Chukua fungu la kumi. Mwenye mshahara wa shilingi 400,000 anatoa 40,000 kwa mwezi, 480,000 kwa mwaka, na Malaki 3:10 anaijua kwa moyo. Mistari 5 tu juu yake, nabii anawataja wanaomdhulumu kibarua ujira wake, na mjane, na yatima. Sijawahi kusikia mstari huo ukisomwa kabla ya sadaka.

Gharama nyingine hailipwi kwa shilingi. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi, kwenye uwanja wa Majengo, katika msongamano wa kuwahi kukanyaga mafuta ya upako. Yakobo 5:14, andiko linalotajwa sana kuhusu mafuta, lina picha nyingine kabisa: mgonjwa anabaki alipo, wazee wa kanisa ndio wanaoitwa waende kwake. Waliokwenda uwanjani walikuwa na imani na walikuwa na shida za kweli, siwanyoshei kidole. Nauliza kama sisi tunaoshika vipaza sauti tuliwahi kuwasomea picha ile nzima.

Jumamosi moja kwenye jumuiya yetu, saa 12 na nusu asubuhi, tulikaa chini ya mwembe tukakisoma Malaki chote kwa kupokezana. Sura 4, mistari 55, kama dakika 13. Tulipofika 3:5, kijana aliyekuwa akisoma kwenye simu aliombwa arudie. Akarudia. Kisha mama mwenye nyumba akauliza, kwa sauti ya chini, kama dada wa kazi ambaye hajalipwa mwezi wa pili sasa, naye anahesabiwa humo. Hakuna aliyejibu. Dada mwenyewe alikuwa jikoni, anatuchemshia chai.