Udongo Uwahi Ungali Maji, Kisha Ungoje

Wahenga walinena kwamba udongo uwahi ungali maji. Methali hii tumeiandika katika insha mara nyingi mno, na kila mara tunaifafanua vilevile: mtoto alelewe angali mdogo, kazi ifanywe mapema. Sina ugomvi na ufafanuzi huo. Lakini tangu chama chetu kianze kutengeneza mapambo ili tupate pesa za kununulia kamusi, nimeona kwamba kuwahi ni nusu tu ya somo. Nusu ya pili ni kungoja, na hiyo ndiyo inayowashinda wengi. Katika makala haya nitaeleza jinsi ya kutengeneza shanga, vipuli, vidani na bangili kwa udongo unaokauka wenyewe bila kuchomwa. Ukisoma hadi mwisho utaona kwa nini nusu hiyo ya pili ndiyo nzito.

Udongo gani huo?

Mtu akisikia udongo, fikira zake huenda moja kwa moja kwa mfinyanzi na chungu. Udongo wa mfinyanzi huchimbwa, ukakandwa, ukafinyangwa, ukakaushwa, kisha ukachomwa. Kuchoma si madoido. Chungu kilichokauka tu, hata kiwe kigumu namna gani, ukikitia majini kitalainika na kurudi kuwa tope. Ni joto kali, la nyuzi 600 hivi za Selsiasi au zaidi, linalofukuza maji yaliyofungamana na chembe za udongo wenyewe, na hapo udongo hubadilika usiweze kurudi ulikotoka. Shanga za Kazuri pia hupitia moto. Kazuri ni karakana iliyoko Karen, Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1975 na Lady Susan Wood akiwa na wanawake wawili tu, na leo shanga zake huvaliwa hata ng'ambo. (Walimu wa sarufi wasikasirike kwamba si “kizuri”. Hicho kiambishi ka- cha udogo mitaani kinatamba!)

Sisi hatuna tanuri. Basi tunatumia udongo wa aina nyingine ambao, kusema kweli, si udongo hata kidogo. Ni mchanganyiko wa wanga na gundi nyeupe. Gundi hiyo ni vipande vidogo sana vya plastiki vinavyoelea majini. Maji yakiondoka, vipande hivyo husogeleana, vikashikana na kuwa utando mmoja, na utando huo huzifunga punje za wanga pamoja. Kwa hiyo kazi ambayo kwa mfinyanzi hufanywa na moto, kwetu hufanywa na hewa. Moto hufanya kazi yake kwa saa chache. Hewa huhitaji siku kadhaa. Neno hilo likumbuke, tutalirudia.

Vifaa na vipimo

Tafuta vitu hivi:

Kikombe 1 cha gundi nyeupe ya maseremala, ile inayouzwa katika duka la hadiwea.
Kikombe 1 cha wanga wa mahindi, yaani ule unga mweupe laini kama poda unaotumiwa kuongezea supu uzito. Usilete unga wa ugali! Chembe zake ni kubwa na ushanga wako utakuwa na mikwaruzo kama ngozi ya kenge.
Kijiko 1 cha siki au maji ya ndimu, ili kuzuia kuvu.
Kijiko 1 cha mafuta ya kupikia, na mengine kidogo ya kupaka mikononi.
Sufuria kuukuu na mwiko. Sufuria hiyo ikishaingia gundi isirudi tena jikoni kupikiwa chakula.

Kipimo hiki hutoa shanga zaidi ya 100 zenye upana wa milimita 15 hivi.

Kupika na kukanda

Changanya gundi, siki na mafuta kwanza, kisha nyunyiza wanga polepole huku ukikoroga mpaka madonge yote yaishe. Weka sufuria kwenye moto mdogo, mahali penye hewa ya kutosha, na usiache kukoroga. Mwanzoni utaona uji. Baadaye utaona uji mzito. Kisha ghafla mchanganyiko utaanza kujikusanya na kuachana na kuta za sufuria, kama vile ugali unapokaribia kuiva. Hapo ipua mara moja. Ukiendelea kupika, maji mengi yatapotea na donge litakuwa gumu, likatikekatike badala ya kunyumbuka.

Likipoa kidogo, jipake mafuta mikononi ulikande kwa dakika kumi hivi. Utajua limekubali ukilivuta nalo likanyumbuka bila kukatika. Ukitaka rangi ndani ya udongo wenyewe, huu ndio wakati wake. Mkaa uliosagwa ukachekechwa hutoa weusi usiopauka. Manjano ya pilau hutoa rangi ya kupendeza, ila jua huila mapema. Vidani vya manjano visianikwe dirishani.

Donge ambalo hujalitumia lifunike kwa kitambaa chenye unyevu, ulitie ndani ya mkebe wa siagi wenye kifuniko. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini mwetu, na hata hivyo mkebe ni bora zaidi kwa kuwa haupitishi hewa.

Kufinyanga

Hapa ndipo methali yetu inapotawala. Donge likiwa wazi, kila dakika linapoteza maji na ngozi yake inakakamaa. Kwa hiyo mega kiasi cha kufanyia kazi tu, na kingine kirudi mkebeni.

Ushanga ni rahisi: viringisha kipande kati ya viganja mpaka kiwe duara, kisha kitoboe kwa spoki ya baiskeli iliyopakwa mafuta. Toboa kutoka upande mmoja hadi spoki ichungulie upande wa pili, uichomoe, umalizie kwa upande huo wa pili. Ukisukuma moja kwa moja hadi nje, tundu litaota midomo. Kidani hukatwa kwenye udongo uliosukumwa kama chapati, unene wa milimita 4 au 5. Chupa ya soda ndiyo kifimbo chetu cha kusukumia. Ukitaka kuunganisha vipande viwili, usivibandike tu. Chora mikwaruzo pande zote mbili, upake gundi iliyozimuliwa kwa maji, ndipo uvikutanishe.

Kwa wanachama wa Kiswahili, kila kitu kina mahali pake: kipini puani, kipuli sikioni, kidani shingoni, bangili mkononi, kikuku mguuni. Mtu asije akatuambia amevaa bangili ya mguu!

Kungoja

Sasa tumefika penyewe. Maji yanapoondoka, pambo hunywea. Ushanga wa milimita 20 unaweza kubaki na 18 hivi. Si jambo baya, mradi unywee mahali pote kwa pamoja. Taabu huanza pale ngozi inapokauka huku moyo ungali maji. Ngozi inataka kunywea, moyo unaikatalia. Ngozi haina budi kupasuka. Hiyo ndiyo asili ya nyufa karibu zote.

Ukilielewa hilo, kanuni zote za kukausha utazibuni mwenyewe bila kukariri. Kwa nini tukaushe kivulini? Kwa sababu jua huikausha ngozi upesi na kuuacha moyo nyuma. Kwa nini kidani bapa hukunjamana kama jani kavu? Kwa sababu upande wa juu umenywea na wa chini haujapata hewa. Kigeuze asubuhi na jioni, na kikae juu ya kipande cha wavu, si juu ya ubao. Kwa nini bangili iliyozungushiwa chupa hupasuka usiku? Kwa sababu bangili inanywea lakini chupa hainywei. Ifinyange juu ya chupa, lakini iondoe mara tu inapoweza kujisimamia, na tangu mwanzo iwe kubwa kuliko mkono unaoitaka. Na spoki vivyo hivyo, usiiache ndani ya ushanga.

Mahali pia hubadilisha hesabu. Limuru mwezi wa Julai, kwenye baridi na ukungu, pambo litakawia sana kuliko kawaida. Garissa upepo ni mkavu, na huko tatizo ni kinyume: funika kwa kitambaa chepesi ili maji yatoke kwa adabu. Kwa wastani, kipuli chembamba huchukua siku mbili au tatu, na ushanga mnene hufika hata wiki.

Utajuaje kwamba limekauka? Macho hayatoshi, maana ngozi hudanganya. Njia ya kwanza ni mizani ya maabara: pima ushanga kila siku saa ileile, uandike. Uzito ukikataa kushuka kwa siku mbili mfululizo, maji yamekwisha. Njia ya pili ni ya wafinyanzi: weka pambo shavuni. Likiwa la baridi kuliko vitu vilivyo karibu nalo, maji yangali yanatoka, kwa kuwa maji yanapogeuka mvuke huchukua joto.

Njia hizi zilitupatia mtihani wa kweli. Siku tatu kabla ya Siku ya Wazazi, trei mbili za shanga zilikuwa bado mbichi. Wenzetu kadhaa wakasema zianikwe juani, ama zipelekwe karibu na jiko la shule. “Wazazi watakuja mara moja tu,” wakasema, “na kamusi hazijinunui.” Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, bila mauzo hayo muhula mzima tungeendelea kugombania kamusi moja kuukuu isiyo na jalada. Tukakubaliana kujaribu: shanga chache zikaenda juani, nyingine idadi ileile zikabaki kivulini. Kufikia jioni ya pili, nyingi za juani zilikuwa na nyufa, na za kivulini karibu zote zilikuwa nzima, ila bado zina baridi. Tukaamua: zilizokauka ziuzwe, zilizo mbichi zionyeshwe tu na watu waandikishe oda.

Siku yenyewe mama mmoja, mzazi wa mwenzetu na mfinyanzi wa miaka mingi, alichukua ushanga kutoka trei ya mbichi akauweka shavuni.

“Mwanangu, huu bado una maji,” akaniambia.

“Ndiyo, mama. Hizo haziuzwi leo, tunaandika oda tu.”

Akacheka, akaandikisha oda ya mkufu mzima wa shanga. Baada yake waliandikisha wengine, nadhani kwa sababu walimwona yeye. Shanga zilifika kwa wenyewe wakati wa kufunga shule, na kamusi nne ziko kabatini. Nendeni mkazione.

Kupamba

Pambo likikauka, lisugue kwa msasa laini, nje ya chumba na kitambaa kikiwa puani, maana vumbi lake si zuri kwa mapafu. Ufa mdogo huzibwa kwa udongo uliolainishwa kwa gundi, kisha ungoje tena. Paka rangi, iache ikauke, halafu vanishi mara mbili. Pitisha sindano tunduni kabla vanishi haijakauka, la sivyo tundu litaziba. Tunga kwa uzi wa nailoni au uzi wa washona viatu. Uzi wa kushonea nguo utakatika, shanga zimwagike njiani.

Ukweli kwa mnunuzi

Neno la mwisho ni hili. Pambo letu halijachomwa. Vanishi hulikinga na jasho na matone machache ya mvua, lakini ukioga nalo au ukiliacha kwenye beseni, maji yataingia na litalainika. Katika mkutano mmoja wa chama palitokea pendekezo kwamba tuwaambie watu zimechomwa kama zile za Karen, tupandishe bei. Tulijadiliana mpaka kengele ya chajio ikalia. Mwishowe kila pambo likaandamana na kikaratasi chenye maneno mawili: “Usioge nalo.” Bei ikabaki ya chini. Lakini hakuna mnunuzi aliyerudi na tope mkononi, na waliorudi walirudi kununua tena. Jina la chama nalo huchukua muda kukauka, na likipasuka hakuna msasa wala gundi ya kulitengeneza.

Basi ndugu zangu, donge ni la kikombe kimoja kimoja, na sufuria kuukuu haikosekani. Finyangeni upesi udongo ungali maji. Kisha wekeni kivulini, mgeuze asubuhi na jioni, na muwe na subira. Atakayetaka kujaribu na aje chumba cha chama siku ya Jumatano baada ya masomo. Aje na kikombe chake, na shavu lake.