Detekta Chini ya Kitanda

Kuna wanawake hukuta namba ya simu ya mwanamke mwingine mfukoni mwa mume. Rafiki yangu mmoja alikuta detekta. Ilikuwa chini ya kitanda, imeviringishwa kwenye shuka, mashine ile ile ambayo wachimbaji wadogo kule Geita hutembea nayo wakisaka dhahabu. Mumewe, mhasibu, mtu wa tai na kompyuta, aliinunua kwa hela waliyokuwa wakiweka pamoja kwa ajili ya kiwanja. Hakusema. Wiki nzima, ndani ya nyumba ile ilibaki salamu tu.

Wote wawili wameniruhusu nisimulie, ilimradi nisiwataje majina.

"Nilisikia Mtwara kuna mali ya Mjerumani imefukiwa," jamaa anajitetea. "Nikajua nikiipata tu, kiwanja kimoja kitakuwa viwanja vitatu. Atanisamehe."

Bahati nzuri au mbaya, mke kwao ni Mikindani, mji wa kale ulio jirani kabisa na Mtwara mjini. Likizo ilipofika wakapanda basi, detekta kwenye buti, kila mmoja akitazama dirisha lake. Wakafika kwa bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Na huyu mke mwenzangu mbona kanuna?"

RAHA YA MLIO

Msomaji, kama hujawahi kushika detekta, nikupe picha. Ile sahani ya chini ina koili inayotuma nguvu ya sumaku ardhini. Ikikuta metali, metali nayo inajibu, na mashine inalia. Hapo moyo unapiga paa! Tatizo ni kwamba sarafu inaweza kulia kama kizibo cha soda. Hujui mpaka uchimbe, na raha yenyewe iko hapo, kati ya mlio na jembe.

Kwanza jamaa alikimbilia ufukweni. Mchanga uliolowa maji ya chumvi unapitisha umeme, kwa hiyo mashine ililia kila hatua hadi watoto wakaanza kumfuata wakicheka. Jioni bibi akamwonea huruma. "Chimba uani kwangu. Ila ukikata mizizi ya mwembe wangu, talaka."

Siku ya kwanza: vizibo, misumari, kijiko kilichovunjika mpini. Siku ya pili mke, aliyekuwa amekaa barazani na sura yake ya kazi, alichoka kutazama. Akachukua jembe. "Wewe sikiliza, mimi nachimba." Ikawa kila mlio wanatazamana. Kila kizibo wanacheka. Kufikia alasiri walikuwa wanaongea kama zamani.

Kisha ukaja mlio mwingine, mkali, mfupi. Kiasi cha kiganja kwenda chini, ikatoka duara ndogo ya kijani. Wakaisafisha kwa maji matupu. Upande mmoja taji la kifalme na mwaka, 1912. Upande wa pili, 1 Heller.

HELA YENYEWE

Bibi aliiweka kiganjani akaangalia muda mrefu. "Bibi yangu mimi alikuwa akizifunga kwenye pindo la kanga," akasema. "Hela hizi."

Hela! Wajerumani, waliojenga boma lao pale Mikindani mwaka 1895, walileta Heller mwaka 1904, 100 kwa rupia moja. Waliondoka baada ya vita, sarafu zao zikaondolewa, lakini jina likabaki mdomoni mwetu mpaka leo.

"Nimenuna mwezi mzima kwa sababu ya hela," mke ananiambia, "halafu naishika hela yenyewe mkononi, na haitoshi hata kununua kiberiti." Ni kweli. Heller moja zilitengenezwa kwa mamilioni, na si mali ya kumtajirisha mtu.

Lakini habari husambaa. Asubuhi iliyofuata akaja dalali, kijana mtanashati, maneno matamu. Kwamba sarafu za Mjerumani zina tajiri wake, anatoa mamilioni, inatakiwa tu "hela kidogo ya kupimia". Tena akanong'ona: kuna magofu ya zamani sehemu, usiku hakuna mlinzi, waende na mashine.

Jamaa anakiri kwamba aliyumba. Hesabu za viwanja zilimrudia kichwani. Ila safari hii hakufanya kimya kimya. Aliingia ndani akamwambia mkewe kila kitu. Mke akauliza swali moja: "Wewe unaonaje?" Dalali akaondoka mikono mitupu.

USINYAMAZISHE SARAFU

Ukiacha ubaya wa kuiba, magofu yana sababu nyingine ya kuachwa. Heller ina mwaka wake. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, kaskazini mwa Mtwara ukishapita Lindi, hazina. Zina maandishi ya Kiarabu yenye vina, upande mmoja ukiitikia mwingine, kama mke na mume waliozoeana, lakini tarehe hakuna. Umri wake unaujua kwa pale ilipolala.

Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu kwenye mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi yake. Tano zilikuwa za Kilwa! Akazitia koponi, zikakaa huko miaka mingi. Mpaka leo watu wanabishana zilivukaje Bahari ya Hindi. Kisiwani Songo Mnara, jirani na Kilwa, wanaakiolojia walikuta sarafu za shaba zaidi ya 300 pamoja, chini ya nyumba. Kwa kuwa walizikuta mahali pake, nyumba na sarafu zikasaidiana kutoa habari. Anayechimba usiku kwa jembe anaua ushahidi huo.

KABLA HAMJAFUNGA SAFARI

• Ombeni ruhusa ya mwenye eneo. Msimbati na mdomo wa Ruvuma vimo ndani ya hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Si pa kujichimbia.

• Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Hamruhusiwi kuvichimba bila leseni. Mkikikuta kwa bahati, toeni taarifa serikalini.

• Msisugue sarafu kwa mchanga wala ndimu. Mnaiharibu.

• Anayetaka hela ili akupe hela, mkimbieni.

Na wale wawili? Detekta waliiuza kwa hasara kidogo, hela ikarudi kwenye mfuko wa kiwanja, na sasa kutoa ni mpaka wakubaliane wote wawili. Heller ya 1912 iko kwa bibi, kwenye pindo la kanga.

Na wewe je, mwenzako anajua kuna nini chini ya kitanda?